Paipu Alizochomelea Baba

Wiki jana nilikuwa nasukwa nywele mtaani Kawangware, televisheni ikaonyesha magari ya rali yakitimua vumbi. Msusi akaongeza sauti. Nikamwomba azime, akanicheka. Hebu nikueleze.

Baba alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na karakana yake ya mabati ilikuwa kando ya reli, mtaa wa Laini Saba. Msimu wa rali, karibu na Pasaka, redio za vibanda vyote zilitangaza matokeo, nasi watoto tukagombania nani awe dereva gani. Mama alikaanga mandazi ya kuuza, na harufu ya mafuta ikachanganyika na ya chuma kilichoungua. Kazi yangu ilikuwa kumpelekea baba githeri, mahindi na maharagwe, mchana.

Mchana mmoja nilimkuta na kijana mwenye gari, mmoja wa wale walioingia rali kwa kujikaza, bila fedha nyingi. Alitaka awekewe fremu ya paipu ndani, ya kuwalinda yeye na mwenzake gari likipinduka. Baba aligonga kwa ukucha moja ya paipu alizoleta kijana, akasikiliza.

“Hii ni nyembamba, bosi. Itajikunja.”

“Fundi, rali ni Ijumaa. Wewe choma tu. Ukikataa, natafuta mwingine.”

Baba akaitazama paipu, kisha akanitazama mimi na kile kisufuria cha githeri. Akavaa miwani yake nyeusi ya kuchomelea.

Jumamosi redio ikasema gari lile limebingirika. Dereva alitoka akichechemea. Mwenzake, aliyekuwa akimsomea njia, alifia humo ndani. Mama aliepua mandazi yakiwa mabichi, akaketi. Baba alitoka nje, akasimama relini mpaka giza likaingia.

Baada ya mazishi akaja mama mzito wa mwili, amechoka kwa kuulizia njia kibanda hadi kibanda. Alikuwa mama wa marehemu. Tulimpa stuli na chai. Chai hakuigusa.

“Ni wewe ulichoma zile paipu?”

“Ni mimi, mama.”

“Ulijua hazitashika?”

Nilimwomba Mungu baba aseme hapana. Mama yangu naye alimkazia macho.

“Nilijua,” baba akasema. “Nilimwambia mwenye gari. Halafu nikachoma.”

“Mwenye gari ameniapia hakuna aliyemwonya,” yule mama akasema, akainuka, akaenda zake.

Tangu siku ile baba hakuchomelea tena. Alibeba marobota ya mitumba soko la Toi mpaka mgongo ukakataa, na tulilala njaa siku nyingi. Alipofariki tulimzika kwao, upande wa magharibi. Karakana ilibomolewa; pale sasa kuna vyumba vya kupangisha, na wanaoishi humo hawajui palikuwa na nini.

Utotoni nilimkasirikia baba kwa jibu lile, maana ndilo lililotutia njaa. Siku hizi hasira iliyobaki ni ya zile paipu alizokubali kuchoma tu. Lile jibu, ningetoa chochote nilisikie tena, kwa sauti yake.