Mikorosho Sita na Kiwanja cha Kona

Mkorosho wa sita ulipoanguka, umejaa maua na salfa, dawa ya ukungu, niliyoupulizia kwa mikono yangu wiki iliyopita, nilipiga makofi. Peke yangu, shoka likiwa miguuni. Kama ujinga una mwisho wake, mimi siku ile nilifika.

Ilianza enzi gesi ilipokuwa mdomoni mwa kila mtu Mtwara. Huku kwetu, njia ya Naliendele, walikuja watatu: afisa mipango miji, mpima na diwani. Majina wanayajua wenyewe, mimi nataja vyeo. Walitandaza ramani juu ya boneti. Mji wa kisasa, wakasema: soko, stendi, bustani ya watoto. Mimi niliyeishia darasa la nne nikaitazama nikitikisa kichwa kama injinia. Baadaye ndipo nilipojua nilikuwa nimesimama upande usio wake, naisoma kichwa chini.

Afisa akanishika bega. "Mwenyeji wangu, barabara kuu inapita hapa hapa. Atakayesafisha njia mapema, kiwanja cha kona ni chake."

Cha kona! Nikajiona barazani kwangu, suruali imepigwa pasi, nawaelekeza wageni stendi.

Tatizo ni moja: mikorosho sita iliyosimama kwenye njia hiyo haikuwa yangu. Kwetu mali ya mama hufuata tumbo. Mama aliwaachia watoto wa dada yangu, mimi mjomba ni mlinzi tu. Dada ameolewa Kitaya, kule mtoni. Sikumpigia hata simu. Nilitaka kumshangaza.

Shemeji yangu, mke wa marehemu kaka, shamba lake limepakana na letu. Hakukata hata tawi. "Kata, shemeji, kata," alinicheka. "Stendi ikifika nitakuuzia korosho dirishani."

Mji ulikuja kidogo. Bikoni za zege za kuonyesha mipaka ya viwanja, bango, mtaro mmoja. Halafu magari yakaacha kuja. Watu wakaanza kujenga ng'ambo ile, kila mtu anavyotaka, na mwisho tukasikia kwa wapita njia kwamba ramani ilibadilishwa, barabara imehamia huko. Nikabaki na kona isiyo na njia hata moja. Palipopangwa bustani ya watoto, shemeji kapanda mihogo, na inastawi.

Dada alipokuja msimu wa korosho, alisimama kati ya visiki.

"Kaka, mikorosho ya wanangu iko wapi?"

"Imepitiwa na barabara."

Akageuka kulia, akageuka kushoto. "Barabara iko wapi?"

Akakaa juu ya bikoni akalia.

Mimi nimeshajibu. Nimekaa mkekani mbele ya wapwa zangu, nimeitwa mpumbavu na watoto niliowabeba mgongoni, nikaitikia. Miche mipya naimwagilia kwa ndoo. Diwani naye uliyetushangilia, na mpima uliyepigilia bikoni, nawaona mjini mnapita mbio. Lakini wewe, afisa mipango miji, ndiye uliyenishika bega. Ulijua lini kwamba barabara imehama, na kwa nini hukurudi kuniambia? Njoo ukae kwenye bikoni hiyo hiyo, umjibu dada yangu: barabara iko wapi?