Kigoda cha Machujio

Asubuhi ile niliamka na hasira kabla sijapiga mswaki. Mezani kulikuwa na boksi dogo lililofika jana yake kwa boti kutoka Uvira, na ndani yake chujio jipya la hewa, lile linalofichwa mbele ya abiria ili kusafisha upepo kabla haujawafikia walio ndani ya gari. Lilikuwa jeupe, limekunjwakunjwa kama sketi ya mwanafunzi. Nililitazama nikazidi kukasirika, kwa sababu kitu chepesi vile kilikuwa kimenisumbulia mama yangu kwa viangazi viwili.

Mama anaishi Fizi, juu kule kwenye baridi. Mimi nakaa Baraka, karibu na ziwa. Kila mara nilipomteremsha kwenda hospitali alikohoa njia nzima, toka tunapoondoka hadi tunapofika, huku vioo vyote vimefungwa na feni ya gari inapuliza kwa nguvu. Alikuwa na tabia ya kutandika kitambaa chake cha kichwa kwenye matundu ya upepo. Mimi nilikuwa nakiondoa. Nilimwambia anazuia ubaridi bure, na kwamba kikohozi ni mambo ya umri, azoee tu.

Mwishowe alikataa kupanda gari langu. Mwezi uliopita alikuja kwa pikipiki, amejifunga kitenge hadi machoni, nyuma ya malori yanayotimua vumbi jekundu la barabara ile, akafika kifua kinapiga filimbi. Wakamlaza siku tatu. Sasa daktari alitaka kumwona tena siku hiyo hiyo ya chujio, Alhamisi. Pikipiki nilikuwa nimempiga marufuku, na yeye alikuwa ametuma neno kwamba gari langu hapandi hata akifa. Basi angeteremka na nini?

Rafiki yangu wa Uvira ndiye aliyeniuliza kwenye simu, "Filtre ya ndani, lile chujio la upepo, ulibadilisha lini?" Nikasema sikumbuki. Akasema atanitumia moja.

Basi, asubuhi ile nikatoka na lile chujio uani. Gari langu ni kuukuu, la usukani wa kulia, limevuka nchi na ziwa kutoka Dar es Salaam, na maandishi ya Kijapani bado yamo mlangoni. Nilifungua kile kisanduku cha mbele ya magoti ya abiria, nikatoa karatasi za gari, kitabu cha nyimbo za kanisani na soksi moja ambayo hadi leo sijui ya nani. Nikabinya kuta zake mbili kwa ndani kama alivyonielekeza rafiki yangu, kisanduku kikashuka chote. Nyuma yake kulikuwa na kifuniko chembamba. Nikakivuta.

Palikuwa patupu.

Sisemi chujio lilikuwa chafu. Halikuwepo! Lilikuwepo pango tu, na ndani yake vumbi jekundu limelala, majani makavu na bawa la panzi. Nikaingiza mkono, ukatoka umepakwa. Vumbi lote la Fizi, viangazi viwili, lilikuwa limepita pale moja kwa moja hadi kwenye mapafu ya mama yangu, na mimi nikiongeza feni.

Sikunawa. Nilikwenda hivyohivyo, kwa miguu, hadi kwa fundi aliyelipokea gari lile siku lilipofika Baraka. Nilimkuta chini ya bati lake, ameketi, anakunywa chai. Nikataka kuanza kumtukana, kisha nikaona alichokalia. Kilikuwa rundo la machujio ya namna ile, marefu na mafupi, mengine meusi tii, amelifunga kwa mpira wa tairi likawa kigoda. Nusu ya magari ya Baraka yalikuwa chini ya makalio yake.

"Langu ni lipi?" nikauliza.

Akasimama, akatazama kiti chake kama anakiona kwa mara ya kwanza. "Patron, banafanana bote. Sote huku tunaitoaka. Ile iko ya Japani, inakata upepo bure. Batu banapenda upepo ya nguvu."

"Mama yangu alilazwa!"

"Pole sana, patron. Lakini ile siku we mwe..."

Sikumwacha amalize. Nilimwita mwizi. Nilimwita muuaji, mbele ya mteja wake na mbele ya mama muuza ndizi wa ng'ambo ya barabara. Nilimwambia hajui kazi, anajua kufungua tu, na kila kisichomwingia akilini anakikalia. Yeye aliweka kikombe chake chini polepole, chai isimwagike. Utulivu ule ulinipandisha zaidi. Nilipiga teke kile kigoda, kikaanguka ubavu, nikaondoka.

Nyumbani nilipangusa lile pango kwa kitambaa kibichi mara tatu. Nikalipachika chujio, nikarudisha kifuniko, ndipo nikakumbuka kuna mshale ubavuni unaoonyesha upepo uende wapi, nami sikuutazama. Nikafungua upya. Nilikuwa nimeliweka kichwa chini. Nikaligeuza huku nikimlaani fundi, ingawa katika kosa hilo hakuwepo. Kazi yenyewe haikuchukua hata muda wa kuchemsha maharage, na hilo nalo liliniuma.

Nilipanda Fizi. Nilimkuta mama ameketi kizingitini, amevaa vizuri, mkoba magotini, anangoja pikipiki niliyomkataza.

"Mama, panda. Nimetengeneza. Vumbi haliingii tena."

"Baba, mi nilishasema." Ananiita baba kwa sababu nina jina la baba yake.

Nikakishusha kisanduku, nikavuta kifuniko, nikamwonyesha lile chujio jeupe. Akaligusa kwa kidole, akakitazama kidole. Kilikuwa safi. Akaingia, akafunga mkanda. Lakini kitambaa chake alikitandika kwenye matundu vilevile, na safari hii sikukiondoa.

Tulipoanza kuteremka lori likatupita, barabara yote ikawa nyekundu, nikasubiri kikohozi. Hakikuja. Tukapita kijiji kimoja, tukapita kingine. Aliinua pembe moja ya kitambaa, akanusa, halafu akakiondoa chote na kukikunja. Furaha ilinipanda na hasira ikaja nyuma yake palepale, nikaanza kumsimulia habari za fundi: kigoda, chai, jinsi nilivyompasha.

"Ulimutukana?"

"Nilimtukana sana."

Akawa anakikunjua kitambaa na kukikunja upya hadi tukaanza kuliona ziwa.

"Ile siku ya kwanza ya motoka mi nilikuwa ndani," akasema. "Nilikuwa nimekaa hapa hapa. Fundi alikuuliza, patron, hii tuiache ao tuitoe? We mwenyewe ulisema, toa, toa yote, mama asikie upepo."

Nikabisha. Nikasema hapana, haiwezekani. Na wakati nabisha nilijisikia kabisa nikilisema lile neno, toa, kwa sauti ya mtu aliyenunua gari lake la kwanza na ana mama yake kiti cha mbele.

"Sasa kwa nini hukunikumbusha?" nikamfokea. Ndiyo, nilimfokea mgonjwa. "Viangazi viwili, mama! Kwa nini hukusema?"

"Nilisema," akajibu. "Nilikuambia vumbi inatokea mu hii matundu. Ukasema ni uzee."

Nilikamata usukani, nikajichukia njia iliyobaki, na feni ikaendelea kutupulizia hewa safi.

Tulipoingia Baraka njia ya hospitali ilitupitisha mbele ya lile bati. Fundi alikuwa amekisimamisha kigoda chake, amekikalia, anafungua gurudumu la mtu. Alipoliona gari akainua mkono kusalimia, si kwangu, kwa mama.

"Simama," mama akasema.

"Tutachelewa daktari."

"Simama, baba. Mi niko napumua vizuri. Nitakungojea."

Nikasimama. Nikashuka, na vidole vyangu vilikuwa bado na wekundu kwenye kucha. Fundi akaacha kazi, akanitazama kama mtu anayengoja kutukanwa tena. "Ni mimi niliyesema toa," nikamwambia.