Makopo Katika Kisima cha Baba

Baba alinifundisha kupima maji kwa sikio. Kisima chetu alikichimba mwenyewe, kwa sururu na ndoo, nyuma ya nyumba yetu chini ya vilima, upande wa Voi. Asubuhi za kiangazi alinipa kokoto akasema, "Achilia, halafu hesabu." Niliachilia, nikahesabu haraka haraka mpaka nisikie maji yakiipokea. Yakipokea kwenye saba, Mama alifua nguo siku hiyo. Yakipokea kwenye tisa, tulikunywa na kupika tu.

Alipofariki tulimzika pale pale shambani. Mama akaomba kisima kipumzike mpaka matanga yaishe. Kabla hatujaanza kuteka tena, kisima cha mashine kikachimbwa karibu na kanisa, kikawekewa pampu ya sola na tangi juu ya nguzo. Maji yake yalikuwa na chumvi kidogo kama yetu, lakini ulifungua mfereji tu yakatoka. Kamba ya Baba ikabaki kwenye msumari. Mama akafunika kisima kwa bati, na taratibu sote tukazoea kukiita shimo.

Yaliyofuata nataka niyaeleze vizuri, kwa sababu hatukuharibu maji kwa uzembe. Tuliyaharibu kwa uangalifu.

Msimu mmoja, miaka kadhaa baadaye, viwavi walikuwa wamevamia mahindi, na mbuzi walijaa kupe. Kila boma lilinunua dawa Mwatate, na kila boma likabaki na makopo. Watoto waliyachezea. Nyumba moja nilikuta kopo la dawa ya kupe limetiwa chumvi ya kupikia. Mimi nilikuwa katibu wa kamati ya maji, na ni mtu wa kusoma maandishi madogo. Nilisoma kwamba makopo yawekwe mbali na watoto na mifugo. Nikajiuliza, ni wapi katika kijiji chetu palipo mbali kabisa na mtoto na mbuzi? Jibu lilikuwa chini. Na hakukuwa na shimo refu kuliko la Baba.

Nilizunguka na toroli siku mbili nikikusanya makopo. Mengine yalikuwa bado na dawa nusu, imepitwa na wakati. Mwenyekiti wetu, mama anayeuza nyanya sokoni, alinisifu mbele ya watu: "Huyu katibu, akisema kitu anakifanya." Niliyaachilia moja moja. Sikuhesabu. Nilisikia tu kila moja likipokelewa.

Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Umeweka nini kwa kisima cha baba yako?"

"Sumu, Mama. Sasa iko mahali salama."

Alinitazama kidogo, akarudi kwenye sufuria yake.

Baada ya mvua za masika maji ya mfereji yakaanza kunuka. Ukiinua kikombe cha chai ulikutana na harufu ya mbuzi waliotoka kuoshwa dawa. Watoto wadogo walitapika. Afisa wa maji alikuja kuchukua maji ya kupimwa, akafunga mfereji, akatuagiza tuendeshe pampu kila siku na kuyamwaga maji mbali mpaka majibu yarudi. Wanawake wakarudi kufukua mchanga mtoni.

Lakini watu hawakungoja majibu. Kwenye mteremko, juu ya kisima cha mashine, aliishi mstaafu mmoja wa reli, aliyekuja kutoka magharibi akiwa kijana na kununua kiwanja kwetu. Choo chake cha shimo kilionekana wazi ukisimama kwenye mfereji. Kamati ikamwita.

"Mzee, choo chako kiko juu, maji yetu yako chini," mwenyekiti alimwambia. "Hata mtoto wa chekechea anaona."

"Choo changu ni kizee kuliko pampu yenu," alijibu. "Mmekunywa miaka yote hii mkanenepa. Leo ndiyo kimeamka?"

Watu walicheka, ila hakikuwa kicheko cha kumsamehe. Mmoja nyuma akasema arudi kwao.

"Kwetu ni wapi?" aliuliza. "Mke wangu amelala pale nyuma ya jikoni. Nimbebe?"

Ikakubaliwa afukie choo na kuhama kabla ya wiki kwisha. Niliandika uamuzi huo katika kumbukumbu za mkutano, kwa mwandiko wangu mzuri.

Asubuhi iliyofuata nilisimama kwenye kisima cha Baba. Nilijiambia nataka tu kuhakikisha. Nilipofunua bati harufu ilinipanda usoni, ile ile ya kwenye chai. Niliachilia kokoto. Saba. Huko kanisani pampu ikawashwa, ikanguruma mchana kutwa. Jioni, ilipozimwa, niliachilia nyingine. Tisa. Kesho yake asubuhi, saba tena. Jioni, tisa.

Siku hizi naitwa vijijini, hadi Makwasinyi, kueleza jambo hili, na huwa nabeba karai. Lijaze mchanga, umwagie maji mpaka ulowe chini. Chimba mashimo mawili madogo kwa vidole. Tia wino katika moja, kisha teka polepole kutoka kwa lingine kwa kijiko, bila haraka. Kabla sijamaliza kueleza, kuna mama atasema, "Ona, umefika." Sina la kuongeza. Kisima chetu hakikuwa kimetekwa na mtu tangu msiba, lakini maji yake yalikuwa yakishuka kila pampu ilipowashwa. Kanisani walikuwa wakinywa kutoka mikononi mwa baba yangu.

Nilipoelewa hayo, nilikwenda kwa mzee wa reli kwanza. Alikuwa ameanza kung'oa mabati ya choo.

"Katibu, umekuja kuhakikisha nahama?"

"Nimekuja kukuambia ni mimi." Nikamweleza makopo, kokoto, hesabu.

Alikaa juu ya mabati. "Andika hivyo kwa lile buku lako," akasema. "Kwa mwandiko ule ule. Kisha uje na nyundo, haya mabati hayatajirudisha."

Niliandika, nikayasoma mbele ya watu wote. Nilitarajia matusi. Mwenyekiti akasema tu, "Makopo ni sisi tulikupa," na akatazama mikono yake. Mzee wa reli alibaki kwenye kiwanja chake. Wapo waliokwenda kumwomba radhi, na wapo waliotuma watoto na mahindi mabichi.

Majibu yaliporudi yakitaja dawa ile ile, afisa alikataza mtu yeyote kushuka kisimani. Tulivua kwa kulabu iliyofungwa kwenye kamba ya Baba, siku tatu, nikihesabu kila lililotoka. Yaliyotoka yalikuwa machache kuliko niliyotupa. Baadaye kisima kilifyonzwa, kikashindiliwa udongo wa mfinyanzi, kikafunikwa kwa zege. Kisima cha mashine kilikaa kimefungwa hadi mahindi ya msimu uliofuata yalipokomaa.

Katika siku hizo za kungoja ndipo nilipoona kwamba Mama alikuwa anakunywa maji ya mvua kutoka kwenye pipa lake, na kwamba pipa hilo alikuwa amelitenga tangu siku ya toroli. Nilimuuliza mbona hakuniambia.

"Nilikuuliza," alisema. "Ukanijibu."

Mfereji unatoa maji safi sasa, hupimwa mara kwa mara, na mimi hunywa mbele ya watu ili waone. Lakini asubuhi pampu inapoanza kunguruma kule kanisani, nikiwa bado kitandani, huanza kuhesabu bila kutaka. Hufika saba. Hufika tisa. Huendelea, na hakuna kinachopokea.