Mabua ya Kurumba

Kurumba hakuwa mtu wa makelele. Alipotukanwa alinyamaza, na waliomjua pale kisiwani Vypin walijua kwamba kunyamaza kwake ndiko kubaya.

Aliyemtia kinyongo ni Antappan, mwenye kukodi bonde lote la mpunga kila baada ya mavuno ili afuge kamba wa maji chumvi. Desturi yajulikana: ikifika sikukuu ya Vishu, mwezi wa nne, mfugaji huyamwaga maji, wakulima wakainua matuta, mvua ikaosha chumvi, mbegu zikapandwa. Antappan alichelewesha maji miaka miwili mfululizo. Matuta hayakuinuliwa, bonde halikuvunwa. Na chama cha wakulima kilikwisha kukata shauri: ikipita miaka mitatu bila hata shamba moja kuvunwa, bonde ni la kamba mwaka mzima.

Katika mwaka wa pili huo, Kandan, mume wa Kurumba, aliugua. Akaomba uji wa mchele wa shamba lake. Kurumba akampikia wa dukani, akasema ni wetu. Kandan alionja kijiko kimoja tu.

"Huu si wetu, Kurumba."

Akafa siku ya tatu. Tangu hapo Kurumba hakumsalimu tena Antappan.

Mwaka wa tatu afisa wa serikali alisimama mwenyewe kwenye lango la mbao linalozuia bahari, ambalo bawabu wake ni Antappan, maji yakamwagwa. Watu wakapanda mbegu fupi za dukani, zenye kuzaa sana. Kurumba akapanda za mama yake, zile ndefu, alizozichipuza ndani ya kikapu cha makuti. Miche ikiwa na wiki tatu, mvua ikakatika. Wiki hiyohiyo, bamvua limejaa, lango likakutwa wazi, bahari imo bondeni.

"Mbao zimeoza, dada," alisema Antappan, mikono mfukoni. "Nifanyeje, niizuie bahari kwa kifua?"

"Kifua unacho," alijibu Kurumba. "Kilichooza si mbao."

Mashamba ya jirani yakageuka manjano, kisha yakalala. Miche ya Kurumba iliungua ncha tu. Mvua iliporudi, ikanyanyuka.

Akaja Bindulekha, binti mmoja mtaalamu wa mbegu, akachutama matopeni kama aliyeona dhahabu.

"Mama, ndani ya mbegu mna maagizo ya ukoo, sisi twayaita jeni. Huu mpunga wako una jeni moja, kazi yake ni kuweka bawabu mizizini. Chumvi ikitaka kupanda na maji, huyo bawabu huivuta nyuma, isifike kwenye majani. Ikizidi mno, naye hushindwa. Ila hapa hakushindwa."

"Basi mpunga una bawabu mwaminifu kuliko wetu," alisema Kurumba, na mara ya kwanza tangu msiba akacheka.

Mwezi wa kumi akavuna peke yake katika bonde zima. Shamba hilo moja likatosha, bonde likapona. Uji wa kwanza akauweka mahali alipokuwa akikaa Kandan, akauacha mpaka ukapoa.

Lakini kinyongo hakikupoa. Pale kwetu wanawake huvuna wakiwa ndani ya maji hadi kiunoni, wakikata masuke tu. Mabua huachwa yaoze majini, nayo ndiyo chakula cha kamba. Kurumba akarudi na mundu, akazama hadi kidevuni, akakata bua moja moja kutoka shinani na kulipakia mtumbwini. Siku tisa. Mgongo ukagoma kunyooka.

Chiruta, mvunaji mwenzake, akamwita kutoka ukingoni: "We mwanamke! Mabua hayo ndiyo mbolea yako ya mwakani. Unajikata mwenyewe!"

"Najua."

Antappan akaja mbio. "Dada Kurumba, usifanye hivyo. Mashamba mengine yote matupu. Kamba wangu watakula nini?"

"Wape mbao za lango. Si umesema zimeoza?"

Mabua yote akayatupia ng'ombe wa watu. Mwezi wa kwanza Antappan akainua wavu: kamba wembamba kama njiti, nusu yao wamekufa. Kurumba alikuwa ameketi ukingoni tangu alfajiri, asipitwe. Alitazama kila wavu, mpaka wa mwisho, akaenda zake kula.

Vishu ilipofika maji yalimwagwa siku yenyewe. Akapanda. Mpunga ukatoka umefifia, mfupi kwa shubiri nzima.

"Nilikwambia," alisema Chiruta.

"Ulinambia. Mwaka huu namwachia mabua."

"Ahaa! Hatimaye umemsamehe."

"Nani kasema?" Kurumba akang'oa gugu, akalitupa. "Nausamehe mpunga."