Njia ya Kwenda kwa Haboba

Binti yetu alipokuwa bado anatambaa tulikaa Koboko katika nyumba ya mabati, na mvua ilipoanza alijigonga kichwa ukutani mpaka nimshike. Mwanzoni nilidhani anaogopa radi. Baadaye nikaona ni kila kitu: sufuria ikigonga sufuria, mshono wa gauni ukimgusa bega, harufu ya samaki mkavu, mkono wa mtu asiyemzoea. Mume wangu alikuwa fundi cherehani. Ilibidi aiondoe cherehani yake barazani na kuipeleka sokoni, maana mtoto akiisikia ile sindano ikikimbia alijifunika mkeka na kulia mpaka sauti imkauke. Kisha akatujengea kibanda cha nyasi nyuma ya nyumba. Humo mvua ilisikika kwa upole tu, akalala.

Watu wetu walisema ana jini. Shehe alimwandikia kombe, aya zilizooshwa kwa maji, tukamnywesha, akalitema lote. Jirani mmoja akamfukiza kwa ubani, akatapika kutwa. Tangu siku ile nilikataa dawa za watu, na watu nao wakapunguza kuja kwetu.

Hata alipokwisha kuanza kutembea na kusema maneno machache, alikula kwa mkono wangu tu. Niliposhikwa na malaria nikalazwa, baba yake alimbembeleza kwa uji, kwa ndizi, kwa maji matupu. Niliporudi midomo yake ilikuwa imepasuka na macho yamezama. Kwa hiyo siku habari ilipokuja kutoka Arua kwamba mama yangu anaumwa, sikuwa na swali la kwenda peke yangu. Swali lilikuwa namna ya kwenda naye.

Habari aliileta turniboi, utingo wa basi. Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Mama yako nasema uje," aliniambia. "Uje na mtoto. Kila siku nauliza kama gari ya Koboko imefika."

Binti yangu alimwita haboba, kama watoto wote wa kwetu wanavyomwita bibi, ingawa alikuwa amemwona mara chache sana. Mama alikuwa mtu pekee aliyewahi kukaa naye chumba kimoja bila kumgusa wala kumsemesha, akisuka vifuniko vyake vya chakula, mpaka mtoto mwenyewe akasogea akashika ncha ya ukindu.

Nilijiandaa kama mtu anayejiandaa kwa Hija. Siku kadhaa nilimpeleka stendi wakati basi limezimwa, tukaligusa bati lake, tukakaa kwenye kiti, tukashuka. Nilichambua pamba nikaifinyanga vipande vidogo vya masikioni. Nikamvalisha gauni lake la zamani lililolegea kwa kufuliwa, nimeligeuza nje ndani ili mishono isimguse. Nikabeba maji ya mtungi wetu na kikombe chake, na karanga za kukaanga, kwa sababu hizo hazikuwa na harufu ya kumchukiza. Dereva alituruhusu kupanda kabla ya wengine. Nilichagua kiti cha katikati dirishani, mbali na injini na mbali na nyuma kunakorusharusha.

Basi lilipowashwa alitetemeka mwili mzima. Aliuma leso yangu, akafumba macho, lakini hakulia. Tulivuka Lobule hivyo hivyo, na mimi moyoni nikaanza kumhesabia mama majirani atakaowaita waje kumwona mjukuu wake. Sijui kwa nini nilijiruhusu.

Kisha tukafika kwenye kizuizi cha askari. Siku hizo vilikuwa vingi, na abiria tulikwisha kujua la kufanya: unashuka, unasimama mstarini, unatazama chini. Lakini kabla hatujainuka askari mmoja alianza kugonga ubavu wa basi kwa fimbo ya chuma, chini kabisa ya dirisha letu.

"Toka! Wote toka! Upesi!"

Mtoto alinipita chini ya mkono, akapenya kwenye miguu ya watu, akaruka mlangoni na kukimbilia shamba la mtama. Nikamfuata. Nyuma yangu nilisikia bunduki ikikokiwa na sauti ya dereva ikiomba.

"Afande, huyu mtoto iko mgonjwa! Mama yake nafuata yeye tu!"

Hawakupiga. Nilimkuta amejikunja katikati ya mtama, pamba zimemtoka, mikono masikioni, amejikojolea. Nilikaa kando yake. Askari alikuja akatusimamia, kijana tu.

"Huyu iko na nini?" akauliza.

"Sijui, mwanangu," nikamjibu.

Akarudi barabarani. Abiria walikaguliwa, wakapanda. Dereva alitungojea akiwa amezima injini, jambo ambalo hakuna dereva aliyelifanya karibu na askari, lakini kila nilipomnyanyua mtoto alijirusha chini. Mwishowe dereva akaja mwenyewe, akaweka kifurushi chetu pembeni ya njia.

"Nisamehe, mama. Watu nakasirika."

Tukarudi Koboko kwa miguu. Alitembea vizuri kabisa, akiokota vijiti.

Jioni ile mume wangu akaazima baiskeli. Akakunja blanketi kwenye keria akalifunga kwa vitambaa laini vya dukani kwake, na alfajiri tukaondoka, yeye akiisukuma, mtoto juu, mimi nikitembea kando nimemshika mgongo. Tulikwenda saa za baridi tu, jua likipanda tukapumzika, na usiku tulilala kwa watu tuliojuana nao, nje, barazani, kwani ndani hakukubali. Gari likija tulilisikia kwa mbali tukaingia vichakani mpaka lipite. Kwenye miteremko gurudumu lilitoa mlio mwembamba, naye akaufuatisha kwa sauti ya chini, mmmm, njia nzima. Mume wangu alinitazama akacheka. Sikumbuki kama tuliwahi kucheka pamoja hivyo tena.

Siku ya tatu, tulipokaribia nyumbani kwetu Arua, nilisikia kilio cha wanawake kabla sijaona watu. Mama alikuwa amezikwa jana yake alasiri.

Ua ulijaa. Mtoto aliposikia sauti zile alianza kujigonga kwenye usukani wa baiskeli, na mume wangu akamgeuza haraka. Kwa kuwa asingetulia bila mimi, sikuingia. Nilikaa nyuma ya jiko la jirani, ng'ambo ya njia, nimemkumbatia ndani ya leso, nikiwasikiliza wenzangu wakimlilia mama yangu. Wanawake waliopita waliniambia pole bila kusimama.

Dada yangu alikuja jua likielekea kuzama. Hakukaa.

"Alingoja mpaka sauti ikamwisha," alisema. "Basi la majuzi lilipofika aliniambia nikuwekee maji ya kuoga. Nikayaweka."

"Lilituacha njiani, dada."

"Ungemwacha huyo."

"Kwa nani?"

Alimtazama mtoto, akatazama ukuta. "Sijui," akasema. "Lakini mama alikuwa mmoja." Akarudi msibani.

Tuliondoka kabla ya arobaini, njia ile ile, na mtoto hakuufuatisha mlio wa gurudumu. Alikuwa ameacha sauti zote. Ilichukua mwezi na zaidi kabla hajatoa hata mguno, na yale maneno machache aliyokuwa nayo hayakurudi. Baba yake alisema labda ingekuwa heri tusingekwenda kabisa. Alisema mara moja tu, naye alikuwa anajisemea mwenyewe, lakini nilimsikia.

Sikwenda Arua tena. Harusi za wadogo zangu zilipita, na mtoto wa dada akazaliwa, nikatuma salamu na nguo alizoshona mume wangu. Dada hakujibu. Vita vilipopanda upande wetu na serikali ikaanguka, watu wa Koboko waligombania malori. Sisi tulivuka kuingia Sudan kwa miguu, tukipita mashambani, na kwetu mpaka haukuwa mbali. Huko nikasikia kwa wapita njia kwamba dada alitoka Arua akakimbilia Zaire, na kwamba iko njia, mtu anaweza kumfikia: lori moja, kisha lori lingine, na vizuizi vya nchi tatu.

Nilimshukuru aliyeniambia, nikaendelea kuchekecha unga.