Nilimkana mke wangu dukani tukichagua godoro

Admin, naomba usiweke jina langu wala mtaa wa duka langu, maana nusu ya wateja wangu wanakusoma. Mimi ni mwanaume wa miaka 39, nauza vipuri vya pikipiki hapa Kariakoo. Nina mke na mtoto mmoja wa kike, yuko darasa la kwanza. Mke wangu nitamwita Mama Nuru, si jina lake. Anapika chakula na kuuza karibu na Mnazi Mmoja, na duka langu lilipoyumba ni sufuria zake zilizotulisha. Naanza na hilo ili mjue nilimfanyia nani.

Mimi ni mwembamba sana, tangu utotoni. Mke wangu ni mnene, na alipojifungua akaongezeka zaidi. Tukiwa ndani hilo halijawahi kuwa tatizo. Tatizo lilikuwa godoro. La zamani lilibonyea upande wake, mimi hata nikijibana ukutani najikuta nimeporomokea kwake, tukiamka yeye mgongo unamuuma na mimi shingo haigeuki. Tulikuwa tunacheka. Yeye mwenyewe ndiye alikuwa anasema, "Baba Nuru, hapa tunalala bonde la Jangwani, kila kitu kinaishia chini."

Jumamosi iliyopita tukakubaliana twende wote tukachague jipya. Akavaa dera lake la kijani la kuendea harusini, akajipulizia manukato. Tunaenda kununua godoro tu jamani, lakini alifurahi kwamba tunatoka pamoja, kwa sababu kusema ukweli mimi huwa sitoki naye. Kila mara nasema nimebanwa na kazi.

Muuzaji alikuwa mama mmoja mstaarabu. Akatuuliza, "Wanaolala ni wawili? Na miili yao ikoje? Maana kama mmoja mzito na mwingine mwepesi, msichukue laini, litabonyea upande mmoja. Chukueni gumu, ila juu liwe na tabaka laini kidogo, huyu mwepesi asijione amelala sakafuni." Akatuonyesha godoro la kujaribia. "Laleni wote wawili, msione aibu."

Mke wangu akavua viatu, akakaa, akajilaza. Mimi nikabaki nimesimama. Mlangoni walikuwepo mawinga, wale vijana wanaovuta wateja kuwaingiza madukani, na wawili kati yao tunafahamiana kwa sura. Mmoja akapaza sauti, "Bro, shemeji akigeuka hapo si unarushwa mpaka Magogoni!" Wakacheka wote. Wateja wengine wakageuka kutazama. Nikasikia masikio yanawaka moto, na kabla sijafikiri nikasema:

"Acheni ujinga, huyu ni dada yangu. Amenisindikiza tu, godoro namnunulia mke wangu."

Mama Nuru alikuwa bado amelala chali. Aliniangalia. Nilitamani anitukane, aniumbue, chochote. Akainuka taratibu, akatafuta viatu vyake kwa miguu, akamwambia muuzaji kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ni kweli, dada. Wifi yangu ni mwembamba kama kaka. Mpe laini."

Nikanunua lile laini. Ndugu zangu, hapo ndipo ninapojichukia zaidi. Neno la kwanza lilinitoka, sawa. Lakini wakati wa kulipa nilikuwa na muda wa kusema ukweli, na wakati wanalifunga kamba, na wakati linapakiwa kwenye mkokoteni. Sikusema. Yeye alitangulia mbele peke yake, mimi nikafuata nyuma na mwenye mkokoteni.

Tangu siku hiyo hajagombana na mimi. Anapika, ananitengea, nguo zangu zinafuliwa. Ila haniiti tena Baba Nuru. "Kaka, chakula tayari." "Kaka, natoka mara moja." Mtoto akamuuliza, "Mama, kwani baba ni kaka yako?" Akamjibu, "Muulize mwenyewe." Mtoto akanigeukia. Nikajifanya napokea simu.

Analala sebuleni kwenye mkeka. Godoro liko chumbani, hata nailoni haijatolewa. Nikimwambia njoo ulale huku, anasema hawezi kulala kitandani kwa wifi yake. Nimepiga magoti kumwomba msamaha. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Watu wa njiani kunicheka nimezoea. Nilikuwa najua nikifika kwako nimefika."



Jana nikarudi dukani peke yangu, nikamwambia yule mama ukweli wote. Akasema, "Nitakubadilishia, maana hamjalitumia. Lakini mlete mkeo alale mwenyewe, mgongo ni wake." Nikafika nyumbani na matumaini, nikamwambia mke wangu twende tukabadilishe. Alikuwa anakuna nazi. Akasimamisha mkono, akaniuliza, "Nitaenda nikiwa nani?"

Na sasa mdogo wake wa kiume anakuja kutoka Masasi, atafikia kwetu, na pa kulala ni hapo hapo sebuleni. Nikamuuliza tutamwambia nini akikuta dada yake yuko chini kwenye mkeka. Akasema, "Nitamwambia akamuulize shemeji yake, kama bado anaye."

Ninachofikiria ni kumpeleka pale dukani, nimshike mkono, niwaambie wale vijana kwamba huyu ndiye mke wangu na mimi nilisema uongo. Lakini naogopa. Naogopa nitakuwa namsimamisha tena mbele ya macho yale yale ili mimi nitue mzigo wangu, na yeye ndiye atakayetazamwa.

Nawaomba hasa akina dada wenye miili kama ya mke wangu mnijibu kwanza. Ungekuwa wewe, ungetaka nikutambulishe pale pale nilipokukana, au ungetaka usipaone tena? Nitukaneni, nimestahili. Mkimaliza kunitukana, niambieni nianzie wapi.