Kidonge cha Daku

Watu wa mtaa wetu wa Mikelenge wanasema kidonge ndicho kilichomkata Ayoubu vidole. Nimechoka kuwasahihisha. Nitaeleza mara moja tu, na asiyetaka kusikia, shauri yake.

Ayoubu, jirani yangu, alikuwa mwendesha mashine ya kukoboa mpunga ya Papa Kalonji. Wakati wa vita, mji ulipozingirwa, njaa ikaingia, mdogo wake Djuma alitoka kwenda shambani kutafuta mpunga, akauawa njiani. Ayoubu ndiye aliyembeba kumrudisha. Tangu hapo usingizi ulimhama. Vita vikaisha, watoto wakazaliwa, yeye bado anakesha macho makavu, asubuhi anakwenda kazini akiburuza miguu. Aliwahi kujimwagia maji ya moto ya injini kwa kusinzia, na hakuna aliyelaumu kidonge, kwa kuwa hakikuwapo.

Mwaka jana mke wake, Salama, alimburuta hadi kituo cha afya. Muuguzi Claire alimsikiliza mpaka mwisho, akasema ule ni ugonjwa wa huzuni na una dawa: kidonge kimoja jioni baada ya chakula, na asisogelee mashine hadi mwili uzoee. Alitii. Kisha akalala. Salama aliniambia kwamba mara ya kwanza alimtikisa, akidhani amekufa. Miezi ile nilimsikia akiwatania wanawake wanaoleta mpunga, nikafurahi kana kwamba nimepona mimi.

Ramadhani ikaingia. Akimeza baada ya futari, dawa ilimkuta msikitini katikati ya tarawehe. Siku moja alisujudu asiinuke, akakoroma, safu nzima ikacheka. Aliona haya mno. Basi akahamishia kidonge kwenye daku. Daku nayo si chakula? Hakumuuliza mtu. Na hizo ndizo wiki ambazo kila mama anataka mchele wa Idi, mashine haipoi.

Mkanda wa mashine ile una tabia ya kuchomoka. Huku kwetu injini haizimwi kwa ajili ya mkanda, maana kuiwasha tena ni mateso. Mkanda unasukumwa kwa kijiti, urudi kwenye gurudumu linalozunguka. Asubuhi ile Ayoubu, kichwa kizito, kijiti kikiwa mkono wa kushoto, alisukuma kwa mkono wa kulia. Vidole viwili vikaenda.

Kelele zikaanza hapo. Kaka zake Salama waliitupa dawa chooni, na usingizi ukamhama Ayoubu tena. Claire alikuja nyumbani, akaeleza kwamba dawa ile haiachwi ghafla, akaacha vidonge vyenye nguvu ndogo zaidi, vya kumezwa jioni tu. Salama akavifungia kabatini. Aliogopa, simlaumu.

Kidonda kilipofunga, Kalonji alikuja. Si mtu mbaya. Alisema hajapata anayeielewa mashine ile kama Ayoubu, na atamrudisha hata na mkono ule, ila kwa sharti.

"Papa Ayoubu, iko lazima uchague. Ile dawa ao mashine."

Nilikuwa nimekaa nao, na nilijua nyumba ile haina kipato kingine. Ayoubu aliutazama mkono wake, akasema:

"Papa Kalonji, miaka yote ile mulikuwa munaniona nasimama, mukazani niko muzima. Sikukuwa nalala. Kila siku nilikuwa nabeba Djuma. Mashine, mupe mwengine."

Kalonji aliaga kwa adabu. Mimi roho iliniuma, kwa sababu hapakuwa na adui wa kumkasirikia.

Salama aliingia ndani. Tulisikia kabati likifunguliwa. Alirudi na kikombe cha maji, akamwekea mumewe kidonge kwenye ule mkono wa vidole vitatu.

"Meza, baba. Kesho miye njo nitaenda shamba, weye ulale."